Kamba ya Mbuzi

Juzi nilipita uwanja wa Chechelesi nikaona wasichana wadogo wakifungwa bao juu ya bao, na kocha wao bado anawaingiza waliokaa nje, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Nilisimama pale muda mrefu, vumbi likiniingia machoni.

Nilipokuwa mdogo kama wao, timu yetu ilishindania mbuzi. Kabla ya filimbi kocha aliniita mbele ya wote, akanipa kamba.

"Wewe mtoto wa wafugaji, mshike huyu vizuri."

Nikajua nimechaguliwa. Nilikaa juani peke yangu, mbuzi akitafuna pindo la jezi yangu, nikisikiliza wenzangu wakiitana majina uwanjani. Langu halikuitwa. Tuliposhinda walikuja mbio, wakaichukua ile kamba, wakaenda zao wakiimba.

Nyumbani nilimwambia mama, "Tumeshinda! Na mbuzi kocha aliniachia mimi!"

Mama aliinusa jezi. Haikuwa na jasho hata kidogo, ilinuka mbuzi tu. Aliiloweka jioni ileile, akaisugua kwa nguvu, kama jezi ya mtu aliyecheza.