Mrushaji wa Mazoezini

Tuanze kwa kumpa haki yake: Nukaga Shigeki alikuwa anatisha. Alipotoka kwao Akita kujiunga na timu ya Hayabusa kama mrushaji wa mpira, kijana mrefu, mkimya, wapigaji wa timu hiyo waliokuwa wakicheza besiboli kwa mshahara tangu yeye yuko chekechea walisimama mbele yake na magongo yao, wakapiga hewa, wakarudi kukaa. Mwaka wake wa pili hakuna mrushaji mwingine wa timu aliyeshinda mechi nyingi kama yeye. Baba yake, muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, alibandika picha zake za gazetini ukutani mwa duka mpaka kalenda ikakosa pa kukaa. Watu walinunua tofu wasiyoihitaji ili wamsikie mzee akijisifu, naye hakuwanyima.

Lakini timu ilikuwa na kocha wa warushaji, Inamura, na Inamura aliamini jambo moja tu: mkono hufunzwa kwa kurusha. Mapumziko ni ya wagonjwa. Kwenye kambi ya Februari anakupandisha kwenye kichuguu, kile kilima kidogo cha kurushia, anafungua kiti chake nyuma yako, anakunja mikono, nawe unarusha mpaka aseme basi. Naye hasemi. Siku kiwiko kilipoanza kumchoma, Nukaga aligeuka kumtazama.

“Vipi?”

“Hamna kitu, mwalimu.”

“Sasa unageukia nini? Mdakaji yuko mbele.”

Hamna kitu! Kiwiko kinawaka moto, mtu anasema hamna kitu. Na msidhani alikuwa mjinga. Mwalimu mzima amekaa kwenye upepo tangu asubuhi kwa ajili yako, halafu umwambie unaumwa? Kwa watu wale hayo ni matusi. Hakuna mrushaji aliyewahi kumwambia Inamura neno hilo, na Nukaga hakutaka kuwa wa kwanza. Akarusha wiki nzima, akarusha na msimu ulipoanza, na kabla ya kiangazi akapasuliwa kiwiko hospitalini.

Alirudi mkono umepona ila kasi imekwenda zake. Akapigwa, kila mpira wake ukakutana na gongo. Akashushwa timu ya pili, akapandishwa, akapigwa tena. Wale wale waliokuwa wakilia “Nukaga! Nukaga!” wakaanza kumzomea, “Rudi ukauze tofu!” Miaka ikaenda hivyo, leo juu, kesho chini, na chini kukazidi. Kisha Oktoba moja simu ikalia kutoka ofisini: kesho njoo, vaa suti. Kila mchezaji anajua suti ya Oktoba maana yake nini. Mkewe, Chizuru, aliipiga pasi kimya kimya, akaipiga mara ya pili, ingawa haikuwa na mkunjo.

Ofisini walimwambia ameachwa. Halafu, kabla hajasimama, wakamuuliza kama atakubali kuwa mrushaji wa mazoezini. Kila timu kule inao watu hawa, na wengi wao ni warushaji walioshindwa. Kila alasiri kabla ya mechi husimama nyuma ya wavu wa kinga na kuwarushia wapigaji wa timu yao wenyewe, kasi ile ile, pahali pale pale, ili wapige vizuri, moyo uwakae sawa. Mtu aliyelelewa kumfanya mpigaji akose, kazi yake sasa ni kuhakikisha anapata. Nukaga alikubali papo hapo. Angefanya nini kingine? Tangu utotoni hakufundishwa kitu zaidi ya kutupa mpira.

Na ajabu, aliiweza. Aliyemtaka kuliko wote alikuwa Oginuma, mpigaji ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina. Zamani kwenye bweni la timu Oginuma alikuwa mdogo wake kwa kuingia baadaye, na kwa desturi ya pale ndiye aliyemfulia nguo. Sasa mambo yamegeuka, lakini heshima haikugeuka.

“Kaka Nukaga, leo umelala vizuri eh? Mpira wako unacheka.”

“Piga, acha domo. Ulipokuwa unanifulia soksi hukuwa na maneno haya.”

“Zile hazikuwa soksi kaka, zile silaha! Mpaka leo pua haijapona.”

Wenzao wakaangua kicheko. Nukaga naye alicheka, akijua fika jinsi mambo yalivyo: mrushaji wa mazoezini huishi kwa kutakwa. Maadamu Oginuma anamtaka, ana kazi, na besiboli bado ni yake. Siku Oginuma akisema hapana, imekwisha.

Ndipo ukaja mpira mmoja, mmoja tu, ulioteleza vidoleni ukapita karibu na mbavu za Oginuma. Nukaga alivua kofia akainama mpaka kiunoni.

“Samahani!”

“Hamna neno, kaka!”

Hamna neno, kweli. Lakini usiku ule aliwaza: je, ningemvunja? Kesho yake vidole vikaanza kusita. Mtu ukianza kufikiria namna unavyomeza, utapaliwa. Naye alianza kufikiria namna anavyouachia mpira. Mmoja ukagonga chini. Mwingine ukapaa. Ugonjwa huo una jina kule, ila vyumbani hakuna anayelitamka, wanaogopa usije ukawahamia. Nukaga akauficha. Alfajiri alikwenda bustanini kurusha ukutani. Alibadilisha mshiko, akasingizia jasho, akasingizia mpira mpya. Kabla ya kila mazoezi alitapika, akanawa uso, akatoka anatabasamu.

Kilichompa nguvu ni kwamba Oginuma aliipiga yote. Ya juu, ya chini, ya mbavuni, gongo lilikuja. Wengine nao vivyo hivyo. Basi bado nafaa, akajiambia. Ningekuwa mbovu, Ogi angesema. Angesema! Mdogo amwambie mkubwa wake mbele za watu kwamba mpira wake haufai? Thubutu!

Septemba, Hayabusa wakiwa wanakaribia kombe ambalo mji ule ulikuwa umelisubiri miaka, mpira wa Nukaga ulipinda ukaelekea kwenye vidole vya Oginuma. Ulikuwa mpira wa kuachwa, hata mtoto angeuacha. Oginuma akaupigia gongo, ukamkuta kiganjani. Kilisikika kitu kikikatika, na halikuwa gongo. Mfupa wa kiganja ulivunjika, msimu wake ukaishia pale, na wiki chache baadaye kombe likaenda kwa wengine.

Wachezaji walimjia mmoja mmoja. “Si kosa lako.” “Bahati mbaya tu, kaka.” Hata meneja alimpiga bega. Nukaga alitamani mtu mmoja tu amtukane, amtie hata kofi, apumue. Hakuna aliyemfanyia wema huo.

Akanunua sanduku la mapeasi, akaenda nyumbani kwa Oginuma. Alipoingia tu, yule mwenye plasta mkononi ndiye aliyeinama.

“Nisamehe, kaka. Nimekuletea aibu.”

“Wewe? Hebu keti, bwana.”

“Nimeshamwambia meneja. Nikipona, anirushie kaka Nukaga. Simtaki mwingine.”

Moyo wa Nukaga uliruka kwa furaha. Kazi ipo! Kisha aliuona ule mkono, akaionea haya furaha yake.

“Ogi, ule mpira ulikuwa wa kuachwa. Uliupigia nini?”

Oginuma alianza kulifungua sanduku kwa mkono mzima.

“Nakuuliza.”

“Ningeuacha ungevua kofia,” Oginuma alisema polepole. “Ungeniinamia. Siwezi kukutazama unaniinamia, kaka.”

“Tangu lini?”

“Tangu lini nini?”

“Usinifanye mtoto. Mpira wangu umeharibika tangu lini?”

“Mwezi wa tano.”

“Nani mwingine anajua?”

Oginuma aliyatazama mapeasi. “Wote. Tulikubaliana. Hata wachezaji wachanga tuliwaambia wasiache mpira hata mmoja, wapige chochote kitakachokuja.”

Nukaga alihisi damu inampanda usoni. Kiangazi chote, kumbe! Yeye anatapika chooni ili wasijue, wao wanayumba huku na huku kupiga takataka zake ili asijue kwamba wanajua.

“Mngenifukuza!” alifoka. “Kombe limekwenda, mkono wako umekwenda! Kwa nini hamkunifukuza?”

“Ingekuwa ni mimi, ungenifukuza?”

Nukaga alisimama. Alifunga vifungo vya koti. “Kesho nakwenda kwa meneja. Sitarusha tena, si kwako, si kwa mtu yeyote.”

Alisubiri. Hakutaka kukiri, ila alisubiri kijana amkatalie, amshike mkono, amwambie usiseme hivyo kaka. Maisha yake yote alikuwa amesoma nyuso za wapigaji kutoka kichuguuni, na sasa aliuona uso huu ukilegea, mabega yakishuka.

“Asante, kaka,” alisema Oginuma. Kisha akasikia alichokisema, akaufunika mdomo wake kwa mkono uliovunjika.