Jina la Marehemu Mume Wangu Limekuwa Tusi

Admin, salaam aleikum. Nifiche tafadhali, maana Isiolo ni ndogo na kisa changu chenyewe ni cha jina. Mimi ni mjane wa miaka thelathini na tatu, naishi Kiwanjani na binti yangu wa miaka tisa, kwenye boma la wakwe zangu. Nimeandika haya mara nyingi nikafuta. Leo nayatuma yalivyo, na aibu yake yote.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la maji la tajiri mmoja hapa mjini. Wakati wa kiangazi, siku yake ya kupumzika, aliliazima lile lori, akatia mafuta kwa pesa yake, akapeleka maji bure Leparua na kwingine ambako mifugo ilikuwa inaanguka. Nilimgombeza sana. Nilimwambia nyumba yake mwenyewe haina unga, naye akacheka tu. Watu wakampa jina la Kiborana. Lenyewe sitalitaja, na majina mengine ya watu hapa pia nimeyabadilisha; tuseme ni Abba Bishaan, yaani baba wa maji. Walimbembeleza agombee kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi, akawajibu kwamba watu hawanywi kura.

Alifariki kwa ajali, mtoto wetu akiwa na miaka miwili. Hakutuachia ng'ombe wala ploti. Alituachia hilo jina, na wallahi lilitulisha. Nikipita kwa Mama Kendi, yule Mmeru anayeuza mboga, alikuwa ananiongezea sukuma akisema, "Hii ni ya mtoto wa Abba Bishaan."

Sasa kuna shemeji yangu, kaka wa marehemu. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi Nairobi, nyumbani anaonekana Idd hadi Idd. Aliwahi kugombea MCA kwa jina lake mwenyewe, akaanguka vibaya, hata shangazi yake alikiri hakumpigia kura. Uchaguzi uliofuata, marehemu akiwa kaburini, alikuja kukaa kwenye mkeka wangu akaniambia, "Shemeji, tusidanganyane. Mimi niko na mwili lakini sina jina. Ndugu yangu ako na jina na hana mwili. Wacha nilibebe, tusaidie watu wake."

Nilikubali. Mabango yakachapishwa: picha yake, na chini kwa herufi kubwa, Abba Bishaan. Siku ya mkutano alinipa maikrofoni. Nikasema, "Mlimpenda baba wa mtoto wangu? Basi huyu ndio yeye." Uwanja ukalipuka. Mamia ya watu wakaliita jina la mume wangu kwa pamoja, nami nikalia mpaka nikashikwa mkono kushuka jukwaani. Watu walidhani ni uchungu.

Haukuwa uchungu, ndugu zangu. Ilikuwa furaha. Shemeji hakunilazimisha wala hakuninunua. Nilikuwa na hamu ya kusikia mume wangu akiitwa, baada ya miaka ya watu kusema "marehemu, marehemu" kwa sauti ya chini. Kwa ajili ya hamu hiyo niliwauzia watu mtu wasiyemjua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi ndiye niliyemtembeza.

Alishinda kwa kishindo. Kisima alichoahidi kilichimbwa, pampu ikaharibika, na hadi leo hakuna aliyeigusa. Halafu akanunua lori la maji, akaandika jina lile ubavuni kwa rangi ya buluu, na sasa linauza maji. Linauza! Kiangazi kilichopita nilisimama kwenye foleni nikamwona bibi kizee akirudishwa na mtungi mtupu kwa kukosa pesa, na jina la mume wangu liko pale juu ya kichwa chake. Nilijifunika ushungi nikaondoka bila maji.

Siku hizi hapa mtaani mtu akikudanganya au kukuibia unamwambia, "Wacha u-Abba Bishaan." Vijana wa boda wanalitumia, watoto wanalitumia. Mama Kendi ananipimia sukuma bila kuinua macho. Nilipomuuliza kama nimemkosea alisema, "Hapana, Mama Nuria. Lakini mzee wako alikuwa ananiletea maji na hachukui shilingi. Wewe ndio ulituambia huyu ni yeye."

Ni kweli, ni mimi niliyesema.

Wiki iliyopita binti yangu alirudi kutoka shule akiwa amevimba macho. Hakutaka chai. Mwishowe akaniuliza, "Mama, kwani baba alikuwa mwizi?" Yeye hamkumbuki baba yake, hata sauti. Jina ndilo pekee alilokuwa nalo. Nilimweleza yote, kuhusu lori na Leparua na unga uliokosekana, akanisikiliza kwa adabu. Nikaona haniamini.

Sasa shemeji anajiandaa kugombea tena. Juzi alileta fulana mbili, yangu na ya mtoto, zenye jina lile kifuani, akataka tupande naye jukwaani. Nilijikaza nikamwomba alitoe hilo jina, agombee kwa lake. Akacheka. "Shemeji, bila hilo jina mimi ni nani?" Mama mkwe naye, mama yao wote wawili, ameniambia, "Ukimtukana huyu mbele ya watu, umemtukana yule pia. Jina ni moja. Na ukifanya hivyo usirudi kwa hii boma."

Nikikataa kimya kimya, atapanda bila mimi na jina litazidi kuchafuka. Nikichukua maikrofoni na kusema kwamba huyu siye, na kwamba niliwadanganya, nitafukuzwa na mtoto, na sijui kama kuna atakayeniamini mara ya pili.

Jana jioni mgeni alimuuliza binti yangu anaitwa nani. Zamani angejibu kwa madaha, "Nuria, wa Abba Bishaan." Jana alisema "Nuria" tu, akaangalia chini.

Wenzangu mnaosoma, nitukaneni kwanza kama mnaona inafaa, sitajitetea. Lakini mkimaliza mniambie: nipande au nisipande? Huyu mtoto nitamrudishia vipi baba yake?