Mupira wa udongo wa mutoto wa mudogo wangu

Majina ya bantu ba hadisi hii yote iko kichwani mwangu, mais hapa sitaandika hata moja.

Vita ilipozidi kule Beni, mudogo wangu wa kike alikimbia toka Bungulu na binti yake, nikabapokea kwangu Bulengera. Binti yake na wangu balikuwa banasoma fizike darasa moja. Profesere wao alisema ndege ya kiwanja cha Rughenda itabeba mumoja tu, aende kumaliza masomo inje ya inchi. Mu roho nikasema: ni wangu.

Akabapa kazi ya kuchagua nani ataenda. Tuseme kachuma kadogo kako katikati ya nyumba, kanatoa mionzi pande zote sawa: juu, chini, pembeni. Ordinatere, ile kompyuta, ijaribu kurusha mionzi mingi, ihesabu ile inayogusa ukuta, kisha igawanye na yote iliyorushwa, ili jibu lisikuwe kubwa sababu tu ulirusha mingi. Kugawanya, bote balijua. Shida ilikuwa zile pande zote.

Courant ya umeme haikukuwa. Donc profesere akakuja kwangu, akaomba kila mumoja afinyange mupira wa udongo, atie nukta mahali mionzi inatokea.

Binti yangu alichora pete kuzunguka mupira, akatia nukta hesabu ileile mu kila pete, sawa vile tunapanda vitunguu: kila mustari, miche ileile. Ule wa mudogo wangu alijaza pete kubwa za katikati, zile ndogo za juu na chini akazitilia kidogo tu.

Profesere akageuza ule mupira wa binti yangu. "Angalia huku juu. Mionzi inasongana sawa bantu ku mulango misa ikiisha. Pande zote haiko sawa. Ndege itabeba mwenzako."

Mudogo wangu akapiga makofi. "Yaya," akaniita mimi mukubwa wake, "wako alipanda vitunguu!"

"Na wako hata jembe hajui kushika," nikamujibu. Wakati ule balikuwa banakula bugali yangu, yeye na mutoto wake! Ile wivu nikabaki nayo mpaka siku ya ndege.

Ku Rughenda, binti yangu ndiye alibeba valizi ya nguo ya mwenzake ku kichwa, anacheka naye. Mutoto wa mudogo wangu akapiga magoti mbele yangu: "Mama mukubwa, unibariki." Nikamubariki na mudomo tu.

Ndege ikapanda. Mudogo wangu akalia, na mimi nikalia. Bantu bakatushika mikono, bakizani tunalilia kitu kimoja.