Mgeni wa Mwika aligoma kunywa wine yetu mpaka Baba aanze yeye

Wakuu, habari za mihangaiko. Hii sijaitunga. Ningekuwa naitunga ningejipa nafasi nzuri zaidi, maana humu bwege ni mimi.

Kwetu ni Hai, chini ya Kwa Sadala, upande ule mkavu. Ndugu zetu wa juu wana kahawa na migomba. Sisi Baba alileta vipando vya zabibu kutoka Dodoma nikiwa darasa la tatu. Watu walicheka sana. Leo haohao ndio wanaagiza chupa kila Krismasi.

Mimi niko Dar, ndiye mtu wa marketing. Mwaka huu nikachapisha lebo mpya: picha ya Baba na kofia yake, chini imeandikwa "Imetengenezwa kwa mikono ya Mzee". Boksi zima. Nilijiona mjanja kweli.

Desemba nikarudi nyumbani kama Mchagga yeyote. Nilikuwa nimeshatafuta mteja, mzee mmoja wa Mwika mwenye lodge. Akikubali, wine yetu ina pa kwenda mwaka mzima. Akikataa, tunarudi kuuza chupa mbilimbili kwenye sherehe za majirani. Na Baba alikuwa ametoka kuumwa, nikaona hii itamwinua moyo.

Mzee kaja, shikamoo zimepita, nikawamiminia yeye na Baba kutoka pipa la pili. Mgeni hakugusa. Akasema taratibu:

"Mwenye nyumba aanze."

Kwa msiojua, huku kwetu anayekukaribisha pombe anaonja kwanza, uone haina kitu kibaya. Ni mila ya mbege, pombe yetu ya ndizi, lakini wazee hata wine wanaipitisha humohumo.

Baba akaweka glasi mdomoni, akairudisha mezani. Wine haikupungua hata kidogo. Mimi nimeona, mgeni kaona. Akachukua kofia yake magotini, akaivaa.

Wakuu, jasho lilinitoka mgongoni. Mtu akiondoka kwenu kwa sababu hiyo, habari inafika mjini Bomang'ombe kabla yake.

Ndipo Mama akatoka jikoni, mikono ina utomvu wa ndizi. Huyu ni mama wa jumuiya na rozari, tangu nizaliwe sijawahi kumwona na glasi ya pombe. Akachukua glasi ya Baba, akavuta kidogo, akakaa nayo mdomoni, akameza.

"Usichukue hii, mzee wangu. Zabibu zake zilikunywa maji mengi wiki ya kuvuna. Ngoja nikuletee ya pipa la tatu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Pipa nimelisifia kwenye simu wiki nzima, yeye analiponda mbele ya mteja!

Akaleta nyingine, akanywa nusu, akampa mgeni glasi ileile. Mgeni akanywa. Kofia ikarudi magotini. Akauliza hii kaitengeneza nani.

Baba akainama. Akasema daktari kamkataza pombe tangu alipougua ini, na alikuwa anaona aibu kusema. Halafu akaongeza:

"Lakini hata kabla ya hapo, mimi ni shamba tu. Wine ni ya huyu, tangu chupa ya kwanza."

Miaka yote hiyo!

Hebu fikirini, Uchagani mbege wanapika akina mama. Bibi yangu mwenyewe alipika. Sasa nani aliniambia wine ni ya Baba? Hakuna. Nilikuwa namwona Mama stoo na ndoo na mwiko, nikadhani anafanya usafi.

Mgeni kachukua pipa la tatu, na mavuno yajayo atarudi, ila anataka Mama ndiye aonje mbele yake.

Asubuhi nikamkuta Mama anabandika zile lebo zangu. Nikamwambia aache, nachapisha nyingine zenye jina lake. Hakuinua kichwa.

"Ziache, mwanangu. Baba yako mwaka huu ameumwa sana. Akijiona kwenye chupa anafurahi."

Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Nilichojifunza: kabla hujaandika jina la mtu kwenye kazi ya nyumbani kwenu, uliza kwanza nani anaonja.

Lebo nyingine nachapisha hata hivyo. Picha ya Baba inabaki, maneno ndiyo yamenishinda, maana Mama hataki sifa na Baba hataki tena uongo. Nyie mngeandikaje? Na mwenye matusi kwangu ashushe tu, nastahili.