Pingili za Lisette Bandarini

Vita vilipoingia Uvira, Lisette hakuwaza viatu wala masufuria. Aliwaza pingili za muhogo! Alikuwa bibi shamba wa serikali, agronome kama walivyomwita wakulima wa bonde la Ruzizi, na ile mbegu isiyooza mizizi alikuwa ameihangaikia miaka na miaka. Alivuka mpaka wa Kongo kuja Bujumbura mikono mitupu, wakubwa wake wa ofisi wametawanyika kila mmoja na njia yake. Mwingine angekaa chini alie. Yeye alipiga simu ng'ambo ya ziwa bila kuchoka mpaka Seifu, mwenye boti, akakubali kumletea mafungu ya pingili yaliyobaki.

Balaa ni kwamba boti ilifika Lisette akiwa hoi kwa malaria. Alipopata nguvu, wiki nzima na ushei imepita. Alikimbilia bandarini huku kitenge kikimfunguka kiunoni.

"Miti yangu iko wapi?" aliwapigia kelele wapakuzi.

"Ile kuni ya Seifu?" akajibu mmoja wao, Moubarak, bila wasiwasi wowote. "Tulimupatia mama Kudra, anatupikiaka maharagi."

Kuni! Jamani, watu wa mjini hawa! Wakiona fimbo zimefungwa pamoja, hawaulizi, wanawaza moto tu. Lisette akatimua mbio hadi kwenye banda la chakula, roho mkononi. Mama Kudra alikuwa anapepea jiko.

"Mama, ile miti..."

"Ni yako? Wallahi, kuni gani ile! Moshi tu, haiwake. Niliichomeka kule nyuma, fasi ninamwangaka mayi ya masahani."

Lisette akazunguka banda. Mafungu yamesimama kwenye tope la maji ya vyombo, kichwa chini miguu juu, maana Kudra hakujua upande, lakini kwenye kila jicho kijani kinachungulia. Zimeota! Alipiga vigelegele mpaka wapakuzi wakaacha sahani zao.

Halafu furaha ikamkatika. Mkimbizi atazipanda wapi? Chumba alimohifadhiwa kina sakafu ya simenti, na pingili zilizokwisha kuota hazingojei mtu. Machozi yakamtoka mbele ya watu wote, huku akiwaeleza kwamba hiyo si kuni, ni mbegu ya muhogo usiooza aliyoihangaikia miaka yote kazini.

Mama Kudra akafuta mikono, akamtazama.

"We ni agronome?"

"Nilikuwa, mama."

"Apana sema nilikuwa. Mi niko na shamba Ruziba, hapa karibu na mji, muhogo yote inaoza. Simama, mwanangu, unionyeshe upande gani inaenda chini."