Kiti cha Kwanza cha Nasif

Kwetu, mtaa wa wazoa taka chini ya mlima wa Mokattam, mtu harithi shamba. Anarithi ngazi: majengo ambayo familia yake peke yake ina haki ya kuyazolea taka, mlango kwa mlango. Nasif Bakhit alirithi ngazi za Dokki, mtaa wa maghorofa kule mjini, kutoka kwa marehemu baba yake. Alizipanda na kikapu mgongoni tangu ndevu hazijaota hadi magoti yakaanza kumlilia. Taka alizileta nyumbani, na mkewe Insaf akazichambua sakafuni: chupa huku, karatasi kule, makombo kwa nguruwe.

Ndipo serikali ikatujengea kiwanda. Kiwanda hasa, jamani, cha kutengeneza viti kutokana na plastiki yetu wenyewe! Mhandisi alisimama uani kanisani akaapa kwamba kitadumu hadi wajukuu. Sharti la ajira lilikuwa moja: mfanyakazi asiwe na kazi nyingine.

"Baba Marina," Insaf alisema, "ni serikali hii hii iliyowachinja nguruwe wetu wote kwa kisingizio cha homa?"

"Safari hii ni tofauti. Jengo si unaliona kwa macho yako?"

"Hata kaburi linaonekana kwa macho."

Wenzake walikuwa wajanja. Walisema hawana kazi nyingine, kumbe ngazi wamewaachia mashemeji kimyakimya. Nasif, na kiburi chake cha ukweli, alimwita binamu yake Wadie mbele ya padri wetu, Abuna Antonius, akamkabidhi ngazi zake zote, wakamega mkate. Na kwetu mkate ukishamegwa, ngazi haidaiwi tena. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, lakini nani alimsikiliza mhenga siku ile? Tulipiga vigelegele, hata mimi.

Kiti cha kwanza kilipotoka mashineni, kijivu, bado cha moto, walimpa Nasif. Alikibeba kichwani mtaa mzima. Nyumbani alimkalisha Insaf.

"Kaa, malkia."

"Kinanuka moshi," Insaf akasema, lakini alikaa, na alicheka.

Viti vilirundikana. Ofisi zilizoahidi kuvinunua ziliagiza vya ng'ambo, vyenye rangi za kupendeza. Fungu la fedha za kiwanda likakatika, mashine ikaharibika, fundi hakuja. Kabla majira ya joto hayajaisha, lango lilifungwa kwa mnyororo. Inatia uchungu, na mimi sitasema vinginevyo.

Nasif alimwendea Wadie akiwa amevaa shati la kanisani.

"Kaka, nirudishie hata jengo moja."

Wadie aliangalia chini. "Mkate tuliumega, Nasif."

"Tuliumega, najua. Nakuomba tu."

"Nimemposea mwanangu Kirolos mchumba kwa ngazi hizo. Baba wa binti alikuja Dokki akazihesabu mwenyewe. Nikipunguza jengo, harusi inavunjika." Akakohoa. "Lakini mbebaji namhitaji."

Basi Nasif akabeba. Kwenye ghorofa ya nne Hajja Khadiga alimfungulia mlango, akafurahi kweli.

"Nasif! Umerudi kwenye ngazi zako!"

"Nimerudi, Hajja," alisema, akainamia kikapu.

Chini Wadie alikuwa anapiga honi. "Harakisha basi, mzee wa kiwanda!" Vijana wote garini wakaangua kicheko.

Sasa kila kilichobebwa kilienda sakafuni kwa Wadie. Nyumbani kwa Nasif sakafu ilibaki safi, na kwetu sakafu safi ni njaa. Ulipoingia mfungo wa Krismasi, dengu zilikwisha. Insaf alizunguka chumbani akitafuta cha kuuza, na plastiki ya kwao wenyewe ilikuwa moja tu.

Alichukua nyundo, akasita.

"Baba Marina?"

"Nipe mimi," Nasif akasema.

Alikigeuza kiti miguu juu, akakivunja polepole, mguu baada ya mguu, akavitia vipande kwenye gunia, akaenda kuviuza, akarudi na dengu. Halafu wakazila wakiwa wamekaa chini.