Mama wa Simu

Mdogo wangu alipopata visa ya mwanafunzi kwenda Kanada kusomea shahada ya pili, binti yake alikuwa bado anatambaa. Aliniachia mimi, hapa Kiptere, kwa kuwa mumewe alikuwa anafanya kazi Nakuru na kuja wikendi moja moja. Mtoto alijifunza kutembea akishika matawi ya michai yangu. Mimi aliniita mama. Mamake, aliyemwona kwenye simu tu, alimwita "mama wa simu", na sikumrekebisha.

Jioni moja mdogo wangu alinipigia, anacheka na kulia kwa pamoja.

"Dada, visa za baba na mtoto zimetoka! Za wote wawili!"

"Na yangu je?" nikauliza, kama mzaha.

"Mwanafunzi anaruhusiwa kuleta mume na watoto tu. Dada hayumo. Labda uombe shule yako mwenyewe, ama siku moja uje kututembelea."

Nilimpongeza. Kisha nikaenda kukamua, na ng'ombe akanipiga teke kwa vile nilivyomvuta.

Wiki ya safari, shemeji alinipeleka Kericho mjini kununua makoti ya baridi. Mwanamume huyo hakuwahi kuamshwa na homa ya mtoto hata mara moja, sasa alikuwa anajigeuzageuza mbele ya kioo.

"Shemeji, hii inanitosha?"

Mikono ya koti ilimfunika vidole. "Inakutosha sana," nikamwambia. Akainunua.

Asubuhi ya kuondoka, mtoto alinitazama kutoka juu hadi chini. "Mama, koti yako iko wapi?"

"Mimi nabaki na ng'ombe."

Alilia mpaka gari likapotea kwenye kona.

Baada ya miezi michache, nilimwona kwenye simu akiwa na kofia ya sufu. "Halo, auntie," akasema, kisha akageuka na kumwita mdogo wangu mama. Nikasema netiwaki ni mbaya, nikakata.

Kesho yake mdogo wangu akapiga tena, sauti iko chini. "Dada, anakataa uji wangu. Anasema si kama wako. Wewe unaupika vipi?"

Furaha iliyonijaa siwezi kuieleza kanisani. Nilimtajia unga wa wimbi, maziwa na sukari. Sikumwambia kwamba huwa naacha uji upoe hadi ufanye ngozi juu, kisha naitoa kwa kidole mbele ya mtoto, tukicheka. Mpaka leo sijamwambia.